Kutoka ukingoni hadi mita 10: namna ya kumjenga mpiga mbizi wa jukwaani

Anayetamani mchezo wa kuruka majini kutoka jukwaani hutazama juu kwanza, kwenye jukwaa la mita 10. Kocha anayejua kazi yake humrudisha chini, kwenye ukingo wa bwawa, na kumweka huko muda mrefu. Kutoka mita 10 mwili huanguka kwa takriban sekunde 1.4 na kugonga maji kwa kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa. Kutoka mita 5 ni karibu 36, mita 3 ni 28, na mita 1 ni 16. Kosa la mkono linalokuwasha ngozi ukiruka kutoka mita 1 linaweza kukutoa bega ukiruka kutoka mita 10. Kwa hiyo kila kitu kinachoelezwa hapa kinafuata kanuni moja: kimo kinaongezwa pale tu ambapo namna ya kuingia majini imeshakuwa mazoea.

Bwawa na kocha

Usianze na bwawa la hoteli. Chini ya jukwaa la mita 10 kina hakipaswi kupungua mita 4.5, na kinachopendekezwa ni mita 5. Maji yawe na nyuzi joto 26 au zaidi, maana mwili uliopoa hujikunja polepole na misuli hukazika. Juu ya maji pawe na mabomba yanayorusha matone ili uso wa maji utikisike. Maji yaliyotulia hayaonekani kutoka juu. Anayeanguka huona sakafu ya bwawa na kukosea wakati wa kunyoosha mwili.

Vijana wa Forodhani, Zanzibar, wanaojirusha baharini, wana kitu ambacho makocha wa nchi nyingi hukitafuta kwa taabu: hawaogopi hewa, na mwili wao unajua ulipo hata ukiwa kichwa chini. Lakini bahari si bwawa. Kina kinachotosha maji yakijaa hakitoshi yakipwa, na kutanguliza kichwa pasipojulikana kina ndiyo njia fupi ya kuvunja shingo. Kijana wa namna hiyo, kama hana bwawa la mchezo karibu, afanye sarakasi au jimnastiki chini ya mwalimu na ajifunze kuogelea vizuri. Mambo hayo mawili yanahamia kwenye jukwaa moja kwa moja.

Mzazi anayeishi karibu na kituo cha mchezo huu, kwa mfano London Aquatics Centre uliotumika kwenye Olimpiki ya 2012, akague ukumbi wa nchi kavu kabla ya kukagua jukwaa. Panatakiwa trampolini, magodoro mazito, shimo la sponji, na mkanda wa kiunoni wenye kamba mbili unaomwezesha kocha kumshikilia mtoto akiwa hewani. Kituo chenye jukwaa refu lakini kisicho na ukumbi huo kitamfundisha mtoto kila kitu kwa kumuumiza. Muulize kocha pia mtoto atafika mita 10 baada ya muda gani. Akikutajia tarehe kabla hajamwona mtoto akiruka, tafuta mwingine.

Wengi huanza wakiwa na miaka 7 hadi 10. Aliyetoka kwenye jimnastiki anaweza kuanza na miaka 12 na bado akafika mbali.

Mikono inavyofungua maji

Hapa ndipo penye moyo wa mchezo. Katika mbizi inayosifiwa maji humeza mwili bila kuruka, na sauti yake ni kama kitambaa kinachopasuliwa. Si bahati, wala si wembamba wa mwili.

Simama, nyoosha mikono juu ya kichwa. Mkono mmoja ushike mwingine: kiganja cha nyuma kilale juu ya mgongo wa mkono wa mbele, vidole viushike kwa nguvu. Sasa kunja vifundo vya mikono hadi kiganja cha mbele kitazame dari kikiwa bapa kama sahani. Kaza viwiko visipinde hata kidogo. Pandisha mabega hadi mikono ibane masikio. Kidevu kisiinuke, macho ndiyo yainuke kutafuta mikono, kichwa kibaki palepale. Vuta mbavu ndani, kaza makalio, nyoosha vidole vya miguu.

Kiganja bapa ndicho kinachotoboa shimo, na mwili unapita ndani ya shimo hilo. Mikono ikishazama, iachanishe na uifagie kwa nguvu kwenda pembeni. Hewa inavutwa chini pamoja nawe badala ya kurusha maji juu. Kisha endelea kuzunguka chini ya maji upande uleule ulikokuwa ukizungukia hewani. Mbizi ya mbele unakunja kiuno kama unayebingirika; ya nyuma unakunja magoti na kupinda mgongo. Hilo linavuta miguu iingie wima hata kama ulikuwa umepitiliza kidogo.

Makosa yanajirudia kwa kila mwanafunzi. Anayeingia na ncha za vidole, kama mtu anayechoma mkuki, hafungui shimo la kutosha na maji yanampiga kichwani. Anayelegeza viwiko hupigwa na mikono yake mwenyewe usoni. Anayeinua kichwa kutafuta maji hupinda mgongo, na baada ya miezi kiuno kinaanza kuuma. Anayeshikanisha mikono kwa kuchelewa huingia na kiganja kilichoinama upande, na kifundo ndicho kinacholipa.

Zoezi lake halina mbwembwe. Simama kwa mikono ukutani, tumbo likitazama ukuta, sekunde 30 mara nne, hadi ufike dakika moja bila kuyumba. Halafu kwenye ukingo wa bwawa: kaa, inama, anguka ukiwa umeshika mikono hivyo. Mara 20 kila siku. Halafu mita 1 ukiwa umesimama, bila kuruka, unaanguka tu. Halafu mita 3. Mtu anayeingia wima bila kurusha maji mara nane kati ya kumi kwenye mita 3 ndiye anayestahili kupanda mita 5.

Kupanda ngazi

Jukwaa halina mnyumbuliko wa ubao wa kurukia. Ni zege lililofunikwa zulia lisiloteleza. Nguvu yote inatoka kwenye miguu yako na mikono inayofagia juu. Kwa hiyo kosa kubwa la kuondokea ni haraka. Mtu huegemea mbele kabla miguu haijamaliza kusukuma, anakwenda mbali na chini, na mzunguko haukamiliki. Kwenye mbizi ya kurudi ndani, yaani ile unayosimama ukitazama jukwaa na kuzungukia upande wake, kosa ni kinyume: unaegemea jukwaa na kichwa kinapita karibu nalo mno. Mbizi za aina hiyo zifundishwe kwanza kwenye mkanda, halafu mita 1 na 3, na kocha asimame mahali anapoona umbali kwa ubavu.

Mbizi mpya hupita njia moja: trampolini na mkanda, shimo la sponji, mita 3, mita 5, mita 7.5, ndipo mita 10. Mara ya kwanza kwenye kimo kipya ruka miguu kwanza, kisha mbizi rahisi unayoijua usingizini. Vituo vizuri vina mashine ya kupuliza hewa kutoka sakafuni. Povu lake hulainisha pigo. Litumie kwa mbizi mpya, si kila siku, maana povu linaficha makosa ya kuingia.

Macho yafundishwe mapema. Katika kila samasoti, yaani mzunguko kamili wa mwili hewani, kuna nukta moja ambapo maji yanaonekana. Ione, ihesabu, nenda nyingine. Kocha naye anapaza sauti "Fungua!" pale unapotakiwa kujinyoosha, na mazoezini unaitii hata kama hisia zako zinakataa. Ukipotea hewani usijitawanye ukitafuta usalama: mwili ulionyooka bapa ndio unaopata pigo kubwa kuliko yote. Baki umejikunja hadi usikie sauti ya kocha au uone maji. Baada ya tukio kama hilo rudi ngazi moja chini siku hiyo hiyo, si kesho, vinginevyo hofu inalala na wewe.

Kuna taulo dogo la kufyonza maji ambalo kila mpiga mbizi hubeba hadi juu. Si pambo. Miundi ikiwa na maji, mikono huteleza katikati ya samasoti, mwili unafunguka wenyewe na unaangukia mgongo. Likamue, usilikaushe kabisa. Likikauka hukakamaa na halifyonzi. Futa miundi, mapaja, viganja na nyuma ya magoti, kisha lirushe chini. Vifundo vya mikono vifungwe plasta imara kabla ya mazoezi ya mita 10.

Kusoma namba na kuchagua mbizi

Kila mbizi ina namba. Tarakimu ya kwanza ni kundi: 1 mbele, 2 nyuma, 3 kutazama mbele na kuzungukia nyuma, 4 kurudi ndani, 5 za kujisokota, 6 za kuanzia kwa kusimama kwa mikono. Tarakimu ya tatu huhesabu nusu samasoti. Hivyo 107 ni mbele, nusu saba, yaani samasoti tatu na nusu. Herufi ni umbo: A kunyooka, B kukunja kiuno magoti yakiwa yamenyooka, C kujikunja kama mpira, D mchanganyiko. Kwenye 5253B, 2 ni nyuma, 5 ni samasoti mbili na nusu, 3 ni msokoto mmoja na nusu.

Katika mashindano makubwa ya mita 10 wanaume huruka mbizi sita na wanawake tano, kila moja kutoka kundi tofauti. Waamuzi saba hutoa alama 0 hadi 10 kwa nusu nusu. Mbili za juu na mbili za chini zinafutwa. Tatu zilizobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha ugumu. Mfano: 407C ina ugumu 3.2. Ukipata 6.5, 7, 7.5, 7.5, 8, 8, 8.5, zinabaki 7.5, 7.5 na 8, jumla 23. Mara 3.2 ni 73.60.

Vijana wengi hujiharibia hapa kwa kukimbilia ugumu. 109C ina ugumu 3.7, ukiiruka kwa alama za 6.5 unapata 72.15. 107B ina 3.0 tu, ukiiruka kwa 8.5 unapata 76.50. Quan Hongchan wa China alipotwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo akiwa na miaka 14, kwa pointi 466.20, hakuna mbizi yake iliyokuwa ngeni kwa washindani wake. Tofauti ilikuwa maji yasiyoruka. Lakini ukiwa na uhakika wa kuingia, ugumu unalipa: Matthew Mitcham wa Australia alipata 112.10 kwa mbizi yake ya mwisho Beijing 2008, yenye ugumu 3.8, akapanda hadi dhahabu.

Ukianza kukimbia kisha ukasita na kuanza upya, alama ya kila mwamuzi inapunguzwa 2. Ukisita tena, mbizi imeshindwa. Kuruka mbizi tofauti na iliyotangazwa ni sifuri, kwa hiyo soma ubao wa matangazo kabla ya kukanyaga ukingo.

Mwili

Siku tano hadi sita za mazoezi kwa wiki zinatosha, na mita 10 isizidi siku mbili au tatu kati ya hizo. Idadi ya mapigo ndiyo inayochakaza, si saa za mazoezi. Vifundo vya mikono, mabega na kiuno ndivyo vinavyoumia kwanza. Maumivu ya kiuno kwa mtoto anayekua, yanayozidi akipinda mgongo, yapimwe na daktari. Yanaweza kuwa ufa kwenye pingili ya uti wa mgongo. Sikio likiingiwa maji kwa pigo na kuuma ghafla, toka majini, kiwambo kinaweza kuwa kimetoboka. Kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau baada ya kugonga kichwa: siku hiyo imekwisha, na kurudi ni kwa ruhusa ya daktari.

Msichana au mvulana anapokua haraka, mzunguko unabadilika, kwa sababu mwili mrefu huzunguka polepole. Punguzeni orodha ya mbizi kwa msimu mzima ikibidi. Wazazi wasimwekee mtoto mizani na kumnyima chakula ili abaki mdogo. Mifupa inayopokea mapigo hayo inahitaji chakula.

Mashindano, kipato na miaka ya baadaye

Mashindano ya dunia ya vijana yana kundi B, miaka 14 hadi 15, na kundi A, 16 hadi 18. Fu Mingxia alitwaa dhahabu Barcelona 1992 akiwa na miaka 13. Leo kanuni inataka mshindani awe ametimiza 14 kufikia mwisho wa mwaka wa mashindano. Kwa Paris 2024 nafasi zilipatikana kupitia mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023, mashindano ya mabara, na mashindano ya dunia ya Doha 2024. Kwa Mwafrika mlango wa bara ndio ulio karibu zaidi. Na bara hili halikuanza jana: Mmisri Farid Simaika alitwaa medali ya fedha ya jukwaa Amsterdam 1928, na shaba ya ubao.

Kipato ni kidogo kwa walio wengi. Wanaoishi kwa mchezo huu hupata ruzuku ya shirikisho la nchi yao au wadhamini, na vyuo vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wapiga mbizi. Kwa hiyo shule isiachwe. Muda wenyewe hauna kipimo kimoja: Tom Daley wa Uingereza alishiriki Beijing 2008 akiwa na miaka 14 na akachukua fedha ya wawili wawili Paris 2024 akiwa na 30, lakini wengi huacha jukwaa katikati ya miaka ya ishirini, vifundo vikichoka.

Baada ya hapo kuna ukocha, uamuzi, maonyesho ya majini kama yale ya Las Vegas na Dubai, na mbizi za kimo kikubwa, mita 27 kwa wanaume na 20 kwa wanawake. Huko mwili huingia miguu kwanza, kwa sababu kutoka mita 27 kasi inapita kilomita 80 kwa saa na mikono haiwezi kuipokea. Anayehamia huko arudi tena chini: mita 10 miguu kwanza, mamia ya mara, vidole vimenyooka, makalio yamekazwa, na waokoaji wakiwa tayari majini kila anaporuka.