Kabla ya kuchonga mkanda, kata kadibodi

Ukibuni mikanda ya urembo ya Kigiriki au Kirumi, ile ya juu ya ukuta au ya tako la nguzo, usiiamini skrini. Chora umbo la ubavu wake kwa ukubwa halisi, likate kwenye kadibodi, lishike karibu na dirisha. Unachobuni hasa ni kivuli.

Kosa ninaloliona mno: mikunjo miwili ya mkanda (sehemu zilizovimba au kubonyea) imebanana bila utepe bapa katikati, vivuli vinaungana na kuwa doa moja. Tazama tako la nguzo la Kiatiki, mtindo wenye jina la eneo la Athene: torusi mbili zilizovimba, skotia iliyobonyea katikati, na kila mpaka una utepe wake mwembamba. Torusi ya chini ni nene kuliko ya juu. Ukizifanya sawa, nguzo itaonekana imekalia matairi.

Sima rekta, ile ya umbo la S iliyobonyea juu, iache kileleni. Ncha yake nyembamba ikibebeshwa mzigo, jicho linahisi itakatika. Kubeba ni kazi ya ovolo, mkunjo uliovimba kama robo ya duara.

Mikunjo ya Kirumi ni vipande vya duara, bikari inaitosha. Ya Kigiriki ichore kwa mkono, taratibu.