Somo: Kuisaidia biashara ipate fedha kutokana na miliki bunifu yake

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wale wanaoshauri biashara, ingawa hata mwenye biashara anayejiongoza mwenyewe anaweza kulifuata. Mtu anakuja na cheti cha hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) ndani ya bahasha, au nembo aliyoisajili, au programu aliyoandikiwa na vijana, anakwambia: "Nataka kitu hiki kinilipe." Mshauri mgeni hukimbilia kutafuta mnunuzi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, na chini hapo nitaeleza yaliyonikuta.

Tuelewane kwanza kuhusu cheti. Hakileti fedha, kinakupa tu haki ya kumzuia mwingine asitumie kilicho chako. Fedha inakuja pale huyo mwingine anapopiga hesabu na kuona kulipa ni nafuu kuliko kukukwepa, kuliko kesi, na kuliko kusubiri muda wako uishe.

HATUA YA 1: Orodhesha vilivyomo

Usimuulize mwenye biashara ana miliki bunifu gani, maana atakujibu hana. Muulize: "Mshindani wako akiamka kesho anacho kitu gani chako, utalia?" Hapo vitatoka: fomula ya sabuni, umbo la chupa, jina, mwongozo wa kufundishia wafanyakazi wapya, programu ya kupokea oda. Kisha kila kimoja kipeleke kwenye mlango wake. Uvumbuzi wa kiufundi huenda kwenye hataza, jina na nembo kwenye alama ya biashara, umbo kwenye usajili wa muundo, maandishi na programu kwenye hakimiliki, na fomula isiyoonekana kwa macho kwenye siri ya biashara. Bidhaa moja inaweza kubeba haki tatu au nne kwa pamoja, na kila moja ikauzwa peke yake.

HATUA YA 2: Mwenye mali ni nani?

Hapa ndipo biashara nyingi hukwama, na ndipo nilipoumia. Nilikuwa na mteja mwenye programu nzuri, mnunuzi yupo, bei imekubalika. Mwanasheria wa mnunuzi akaomba karatasi moja tu: ile ambayo mwandishi wa programu alihamishia haki zake kwa kampuni. Haikuwepo. Kijana aliyeiandika hakuwa mwajiriwa, alilipwa kwa kazi, akapewa na ahsante, basi. Katika nchi nyingi hakimiliki ya kazi ya namna hiyo hubaki kwa aliyeiandika mpaka asaini kuihamisha. Kumlipa peke yake hakutoshi. Tulipomtafuta alishanusa kwamba kuna fedha, akataka fungu ambalo mteja wangu hakuweza hata kulitamka. Mazungumzo yakavutana, mnunuzi akaondoka.

Tangu siku hiyo sigusi jambo lolote kabla ya kuchora jedwali: kitu, aliyekitengeneza, alikuwa chini ya mkataba gani, karatasi iko wapi. Chungulia pia pembeni. Je, wazo lilianza kabla kampuni haijasajiliwa, likiwa bado la mwanzilishi binafsi? Je, maabara ya chuo au fedha za ufadhili wa utafiti zilitumika? Ndani ya programu kuna vipande vya chanzo huria, yaani vilivyoandikwa na wengine na kuachwa wazi vitumike, vyenye masharti yake? Wapigapicha na wachora nembo nao ni haohao, usiwasahau.

HATUA YA 3: Linda kabla ya kuonyesha

Hataza inataka uvumbuzi uwe mpya. Ukiuonyesha kwenye maonyesho au kuuweka mtandaoni kabla ya kuwasilisha maombi, katika nchi nyingi za Ulaya umekwisha kuupoteza. Marekani humpa mvumbuzi muhula wa miezi 12 tangu alipouweka wazi, lakini usijenge mkakati juu ya huruma ya nchi moja.

Hakuna hataza ya dunia nzima. Kuna utaratibu wa kununua muda. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu maombi ya kwanza ya hataza kuomba katika nchi nyingine wanachama ukiwa na tarehe ileile ya mwanzo. Kwa alama za biashara na miundo ni miezi 6. Ukipitia PCT, mfumo wa kimataifa wa maombi ya hataza unaosimamiwa na WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu kule Geneva, nchi nyingi zitakusubiri mpaka miezi 30 kabla hujaanza kulipia maombi ya nchi mojamoja. Miezi hiyo ndiyo ya kutafutia mwenye kiwanda.

Siri ya biashara haisajiliwi. Inalindwa kwa kutunzwa kweli: mikataba ya usiri, na wachache wanaojua. Kama kila mfanyakazi ana nakala ya fomula kwenye simu yake, mahakama itashangaa ukiiita siri.

HATUA YA 4: Chagua njia

Kutengeneza na kuuza mwenyewe. Kuuza haki moja kwa moja. Kutoa leseni, yaani kumruhusu mwingine atumie kwa malipo huku mali ikibaki yako. Kuingia ubia. Kukodisha mfumo mzima wa biashara pamoja na jina. Wengi hudharau leseni wakidhani ni ya wakubwa, ilhali ndiyo inayomfaa asiye na kiwanda: kampuni ya Arm imekua kwa kubuni usanifu wa chipu na kuwaachia wengine wazitengeneze. Kuuza moja kwa moja mimi hushauri pale ambapo mwenye mali hana nguvu ya kupigania haki yake, kwa sababu hataza usiyoweza kuitetea wenzio watakuchezea nayo.

HATUA YA 5: Bei

Kuna njia tatu: ulitumia kiasi gani, mali inayofanana iliuzwaje, na itamwingizia mnunuzi kiasi gani. Ya kwanza ni faraja kwa mvumbuzi tu; mnunuzi hajali ulikesha siku ngapi. Ya tatu ndiyo ya mezani. Ipo kanuni ya zamani ya robo, kwamba mwenye mali apate robo ya faida. Bidhaa ikiuzwa 100 na faida ikiwa 12, mrabaha (malipo ya kutumia haki yako) ni 3, yaani asilimia 3 ya mauzo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza iliikataa kama njia ya kukokotoa fidia, na ilikuwa sahihi, kwani kitu kidogo ndani ya mashine kubwa hakistahili robo. Itumie kufungua mazungumzo, usiitumie kama ushahidi.

Angalia na saa. Chester Carlson, mvumbuzi wa mashine ya kutoa nakala, alipata nakala yake ya kwanza kwa njia ya umeme tuli mwaka 1938, na kampuni kubwa zikamkatalia moja baada ya nyingine. Hataza yake kuu ilitoka Oktoba 1942, wakati huo Marekani ikihesabu miaka 17 tangu kutolewa. Mashine iliyotajirisha watu, Xerox 914, ilizinduliwa Septemba 1959. Piga hesabu mwenyewe: hataza ile ilibakiza wiki chache tu. Kilichookoa biashara ni hataza za maboresho yaliyofuata, pamoja na mikataba iliyofungwa mapema. Leo kipimo cha kawaida ni miaka 20 tangu kuwasilisha maombi, kwa hiyo miaka unayohangaika kutafuta mtengenezaji inakatwa kwenye muda wako.

HATUA YA 6: Mkataba

Soma vifungu hivi mara mbili. Eneo na matumizi: leseni ya nchi gani, kwa bidhaa gani? Usitoe dunia nzima kwa mtu anayeuza sehemu moja. Upekee: akitaka awe peke yake, aahidi kiwango cha chini cha mrabaha kila mwaka, la sivyo ataweka kitu chako kabatini ili kisimsumbue, nawe huwezi kumpa mwingine. "Mauzo halisi", yaani mauzo baada ya makato, ambayo mrabaha hupigiwa hesabu: hapo ndipo mrabaha unapoliwa. Punguzo, usafirishaji, bidhaa zilizorudishwa, mauzo kwa kampuni dada kwa bei ya kutupa, vyote viandikwe. Haki ya kukagua vitabu vyake. Maboresho atakayofanya yatakuwa ya nani. Na mlango wa kutokea.

HATUA YA 7: Fuatilia

Weka kalenda ya ada za kuhuisha na tarehe za ripoti za mrabaha. Ripoti isipokuja, uliza wiki hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani mwalimu. Mimi ni mwandishi wa vitabu vya mazoezi, sijasajili popote. Naweza kutoa leseni?

Jibu: Unaweza. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886 hakimiliki haingoji usajili. Ila tunza rasimu na tarehe zake, kwa sababu siku ya ubishi utaulizwa ushahidi.

Swali: Mkuu, hataza yetu tunaimiliki watu wawili na mwenzangu hataki leseni. Naweza kwenda peke yangu?

Jibu: Inategemea nchi. Marekani kila mmiliki anaweza kutoa leseni isiyo ya kipekee bila kumuuliza mwenzake wala kumgawia, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Uingereza lazima mwenzako aridhie. Kwa hiyo hata mkianza mkiwa marafiki wa kufa na kuzikana, andikeni kabla ya kuomba hataza.

Swali: Nimepewa ofa ya mrabaha wa miaka 30 kwa hataza. Si bahati hiyo?

Jibu: Taratibu. Hataza ikiisha, Marekani mrabaha wake haudaiki tena. Mahakama yao kuu ilisema hivyo 1964 na ikarudia 2015. Kama ndani ya mkataba kuna siri ya biashara au alama, vitenganishe, kila kimoja kiwe na kiwango chake, ili hataza ikifa vingine viendelee kulipwa.

Swali: Nimemruhusu jamaa atumie jina langu la biashara, analipa vizuri, sifuatilii anachouza. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Alama humwambia mteja ubora utokao kwa mtu mmoja. Ukiacha kila mtu abandike jina lako kwenye anachotaka, baadhi ya nchi zitahesabu kwamba umeitelekeza. Andika viwango vya ubora, omba sampuli, mtembelee.

Swali: Nimuonyeshe mwekezaji wazo bila mkataba wa usiri? Wengi wanakataa kusaini.

Jibu: Ni kweli wengi hukataa, maana husikiliza mawazo yanayofanana kila wiki. Mweleze tatizo unalotatua na matokeo unayoyapata. Namna kinavyofanya kazi ndani ibaki kwako mpaka maombi ya hataza yawe yamepokelewa.