Somo: Vumbi la kahawia kwenye mchanga wa tangi jipya la maji ya bahari

Wadau, tangi jipya la maji ya chumvi likishatulia, amonia na nitriti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki na chakula) zikashuka hadi sifuri, mchanga mweupe huanza kubadilika rangi. Unaanza na madoa ya kahawia pale taa inapopiga zaidi, kisha kioo, kisha mawe. Wengi hapo hukimbilia dukani kutafuta dawa. Nawasihi msifanye hivyo. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, na shaba huua konokono na kamba, kisha hung'ang'ania kwenye mawe na mchanga muda mrefu.

Hao ni diatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea ganda kwa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba, ambayo huyeyuka kidogo majini. Silika ikiwapo na mwanga ukiwapo, watazaliana. Ikipungua, wanapungua wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Kazi yako ni kuwakatia silika bila kulivuruga tangi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni wao. Pitisha kiganja majini karibu na mchanga. Diatomu hutimka kama vumbi, na ukiwasugua kwenye kioo wanatoka kirahisi. Ukiona utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka vipande vipande, hiyo ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Ukiona makamasi yenye nyuzi na viputo vya hewa kwenye ncha, huenda ni dinoflajelati, viumbe wengine wa seli moja, na hao tiba yao ni tofauti kabisa.

Hatua ya pili ndiyo kubwa: maji unayojazia. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi na silika hubaki tangini. Ukijazia kila siku maji ya bomba, au ya kisima ambayo mara nyingi yana silika nyingi zaidi, unawalisha diatomu kila siku. Tumia maji ya RO (yaliyosukumwa kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvichumvi) yaliyopitishwa pia kwenye rezini (punje zinazonasa kilichobaki), kujazia na kuchanganyia chumvi. Tena usiiamini kupita kiasi mita ya TDS, ile ya kukadiria vitu vilivyoyeyuka majini. Mita hupima chembe zenye chaji ya umeme, na silika majini karibu haina chaji, kwa hiyo mita inaweza kusoma 0 huku silika inapita. Rezini inapochoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuvuja. Ndiyo maana nashauri ibadilishwe mara namba inapoanza kupanda kutoka 0, bila kungoja ifike 5 au 10.

Hatua ya tatu: wanyonye wakiwa hai. Diatomu wakifia tangini, ganda huyeyuka taratibu na silika hurudi majini. Fanya kazi hii jioni kabla taa haijazimwa, maana ndipo wanapokuwa wengi juu ya mchanga. Chukua mpira mwembamba, ushike mdomo wake upana wa kidole juu ya mchanga, usiuchomeke ndani. Utaona vumbi linapanda na punje zinabaki chini. Ukishatoa 10% ya maji inatosha. Rudishia maji mapya ya chumvi ya 35 kwa elfu, joto lilelile. Usifukue mchanga, bakteria wako wanaosafisha maji wamo humo.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, na chakula kiwe kinachoisha ndani ya dakika mbili tatu.

Mwisho ongeza konokono. Cerithium ndio ninaowapenda, kwa sababu hula juu ya mchanga na hujichimbia ndani yake. Trochus ni wazuri kwa kioo na mawe. Nassarius wanauzwa kama wala mwani lakini wao hula mabaki ya nyama na chakula. Wazoeshe maji yako tone kwa tone, chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Walioko Dar, msiende kuwaokota kwenye visiwa vya Bongoyo wala Mbudya. Ni maeneo ya hifadhi.

MASWALI

Swali (Mombasa): Mimi nachota maji baharini. Nayo yana silika?
Jibu: Yanayo, hasa karibu na midomo ya mito, kwa kuwa mito huibeba kutoka kwenye miamba ya bara. Chota maji yanapojaa, mbali na mito, na uache siku za masika. Ila ya kujazia yabaki kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa.

Swali: Mchanga wangu ni wa kwatzi, yaani ni silika tupu. Niutoe?
Jibu: Uache, ndugu yangu. Kwatzi huyeyuka polepole mno kwenye joto la tangi. Ukiutoa utapoteza bakteria na kuchafua maji. Angalia maji ya kujazia kwanza.

Swali: Mimi huu ni mwezi wa nne, rangi haiondoki, na nitrati na fosfati (virutubisho vya majini) zote zinasoma 0.
Jibu: Hapo nina shaka na dinoflajelati. Nyonya kidogo kwenye chupa, tikisa kwa nguvu hadi nyuzi zivunjike, chuja kwa karatasi ya kahawa, kisha weka maji yaliyopita kwenye mwanga kwa saa moja hivi. Makamasi yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ni wao. Simamisha kubadilisha maji, ondoa dawa ya kunyonya fosfati, ongeza chakula kidogo hadi nitrati na fosfati zisomeke, kisha tuletee picha ya karibu ya mchanga.