Somo: Umehamia Linux, maktaba yako ya muziki unaiweka wapi?

Wakuu, tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi ambazo Windows 11 inazikataa zimeishia kwenye Linux Mint au Ubuntu. Yangu ni mojawapo. Intaneti ilikubali, printa ilikubali, hata Bluetooth haikusumbua. Kilichonikosesha usingizi ni muziki: gigabaiti 40 na ushee za dansi, taarab na rumba nilizozitunza miaka kadhaa ndani ya MusicBee, programu ya muziki ya Windows, na MusicBee haina toleo la Linux.

Kucheza wimbo mmoja kwenye Linux si kazi. Somo hili ni la yule mwenye nyimbo maelfu, anayetaka kutafuta kwa bendi na kwa mwaka, kuzipa nyimbo nyota, na kurekebisha tagi (taarifa zilizo ndani ya faili, kama msanii, albamu na mwaka) za nyimbo mia kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 1: Kabla hujafuta Windows

Fungua programu yako ya zamani na utoe orodha zako za nyimbo katika muundo wa M3U8. Usichukue M3U ya kawaida kama ipo ya M3U8, maana hii ya pili huhifadhi herufi zote sawasawa. Kama ulizipa nyimbo nyota, hakikisha nyota hizo zimeandikwa ndani ya faili zenyewe, si kwenye hifadhidata ya programu tu. Mimi nilifuta kwanza nikakumbuka baadaye. Orodha ya harusi ya dada yangu, niliyoipanga siku tatu, ilikwenda na maji.

Hatua ya 2: Uhamishe muziki mahali pasipohamahama

Kama diski ya ndani ina nafasi, nakili kila kitu huko kwa kuandika amri hii kwenye Terminal (zote zilizomo humu huandikwa huko):

rsync -av --progress /media/jina/DISKI/Muziki/ ~/Music/

Usiuache ule mkwaju wa mwisho baada ya "Muziki/", la sivyo utapata folda ndani ya folda. Amri ikikatika katikati kwa sababu umeme umeondoka, irudie tu; faili zilizokwisha kunakiliwa haitazigusa.

Wengine mnabaki na Windows upande mmoja na Linux upande wa pili, muziki ukiwa kwenye sehemu ya Windows. Hapo kuna mtego. Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa, inaiacha diski nusu usingizini, na Linux ikiikuta hivyo huifungua kwa kusoma tu. Nyimbo zitacheza vizuri, ila kila tagi utakayorekebisha haitahifadhika, na utadhani programu ni mbovu. Zima Fast Startup kule Windows, kisha zima mashine upya.

Jambo la pili: Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. "Taarab" na "taarab" ni folda mbili.

Hatua ya 3: Kodeki

Hivi ni vipande vya programu vinavyowezesha kucheza miundo kama MP3. Kwenye Mint: sudo apt install mint-meta-codecs. Kwenye Ubuntu: sudo apt install ubuntu-restricted-extras. Basi.

Hatua ya 4: Kuchagua programu

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu ukiuliza utatajiwa programu ishirini. Nimejaribu kadhaa, na nasema ninavyoona.

Rhythmbox huja na Mint na Ubuntu, kwa hiyo huenda tayari unayo. Ni nyepesi, ina redio za intaneti na podikasti. Lakini dirisha lake la kuhariri tagi ni la msingi mno kwa mtu aliyezoea MusicBee. Ukiwa na albamu thelathini inakutosha. Ukiwa na mia tatu utaanza kukereka.

Strawberry ndiyo ninayotumia. Ukoo wake ni huu: Amarok 1.4 ya zamani ilizaa Clementine, na Clementine ikazaa Strawberry mwaka 2018. Inasoma FLAC, MP3, Ogg, Opus na AAC. Ina orodha zinazojijaza zenyewe kwa masharti unayoweka, inapanga faili kwenye folda kwa kufuata tagi, inabadili muundo wa faili, na ina ikwalaiza. Sura yake ni ya kizamani, sikatai. Mimi sikuja kuitazama, nimekuja kusikiliza.

sudo apt install strawberry

Ukiifungua, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Collection, ongeza folda yako ya muziki, halafu iache isome. Kwangu ilichukua muda wa kunywa chai bila haraka.

Quod Libet ni ya wale wenye tagi zao maalumu na wanaopenda kutafuta kwa masharti magumu. Nguvu yake utaiona kwenye hatua inayofuata. DeaDBeeF itampendeza aliyetoka foobar2000 ya Windows. Amarok yenyewe ilifufuka kwa toleo la 3.0 mwaka 2024, na watumiaji wa KDE (moja ya sura za desktopu za Linux) waijaribu. Banshee na Songbird ukizikuta zikisifiwa kwenye makala za zamani, zipite, zilishakufa.

Hatua ya 5: Tagi (msiiruke)

Hakuna programu itakayokupangia maktaba ambayo tagi zake ni vurugu. Na muziki wetu una vurugu yake ya pekee: bendi hubadili majina. Chukua bendi moja tu. Mwaka 1964 ilianza kama NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwenye maktaba yangu ilikuwa bendi nne zisizojuana. Mlimani Park nao walikuwa watatu: "Mlimani Park", "DDC Mlimani Park Orchestra" na "Sikinde". Kwa OK Jazz na TPOK Jazz sikuhesabu.

Kosa la kwanza nililofanya ni kubadili jina la msanii kila mahali liwe "Msondo Ngoma". Rafiki yangu mmoja, mzee wa dansi hasa, alinikemea: huwezi kuandika Msondo kwenye wimbo ambao wenyewe walipiga wakiitwa NUTA, unafuta historia. Alikuwa na haki. Dawa ni kutumia sehemu mbili tofauti za tagi. Sehemu ya Artist iachie jina la wakati ule, mfano JUWATA Jazz. Sehemu ya Album artist andika jina moja la kuunganisha, Msondo Ngoma. Strawberry hupanga maktaba kwa Album artist, kwa hiyo wote watakaa chini ya paa moja, na kila wimbo utabaki na jina lake.

Chagua nyimbo zote kwa Ctrl na kipanya, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Edit track information, jaza, hifadhi. Nyimbo 80 kwa dakika moja.

Asiyetaka kugusa tagi atumie Quod Libet na aandike hivi kwenye kisanduku cha kutafuta:

artist = /nuta|juwata|ottu|msondo/

Zitakuja zote pamoja.

Strawberry pia ina huduma ya kujaza tagi kutoka MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya mtandaoni; inafanya kazi kwa kusikiliza alama ya sauti ya wimbo. Kwa muziki unaojulikana sana duniani ni nzuri. Kwa dansi la zamani usiiache ijaze bila kuangalia: wimbo wa miaka ya 70 unaweza kurudishiwa jina na mwaka wa CD ya mkusanyiko iliyotoka baadaye sana.

Hatua ya 6: Orodha za zamani

M3U8 za Windows zina njia kama D:\Muziki\..., na Linux haizielewi. Nakili orodha zako pembeni kwanza, kisha ingia kwenye folda yenye orodha hizo uandike:

sed -i 's/\r$//; s|\\|/|g; s|^D:/Muziki/|/home/jina/Music/|' *.m3u8

Badilisha "jina" na njia zako. Nyimbo chache zikikataa, rudi kwenye lile suala la herufi kubwa na ndogo.

Maswali ya wanachama

Mkuu, kwa nini tusitumie VLC tu? Inacheza kila kitu.
Inacheza kila kitu, kweli, nami ninayo kwa ajili ya video. Mwambie sasa ikuonyeshe taarab zako zote za kabla ya 1980 ulizozipa nyota nne. Kama huhitaji hilo, baki na VLC kwa amani.

Nimesakinisha Strawberry kwa Flatpak, diski yangu ya nje haionekani kabisa.
Flatpak, ile njia ya kusakinisha programu zikiwa zimejitenga na mfumo, imefungiwa isione kila mahali. Ipe ruhusa, kisha uifunge na kuifungua upya:
flatpak override --user --filesystem=/media org.strawberrymusicplayer.strawberry
Kwenye Fedora andika /run/media badala ya /media.

Nyimbo zangu zilikuwepo jana, leo zote zimefifia na hazichezi. Nimepoteza?
Tulia, hujapoteza. Diski yako haikufunguliwa mashine ilipowaka. Ifungue kwenye kisimamia faili na zitarudi. Ili isijirudie, fungua programu ya Disks, chagua sehemu hiyo ya diski, na kwenye mipangilio yake ya kufunguka weka ijifungue kila mashine inapowaka. Angalia tu: njia yake inaweza kubadilika kutoka /media kwenda /mnt, kwa hiyo rekebisha folda ndani ya Strawberry pia.

Shikamoo. Nyota nilizipa nyimbo kwenye iTunes. Zitakuja?
Marahaba. Hazitakuja zenyewe. iTunes huziweka kwenye hifadhidata yake, si ndani ya faili. Kama Windows bado ipo, toa orodha moja kwa kila idadi ya nyota: ya nyota tano, ya nne, na kadhalika. Ukifika Linux fungua kila orodha, chagua nyimbo zote, zipe nyota zake kwa pamoja. Ni kazi ya jioni moja.

Naweka nyimbo kwenye flashi ya gari, mpangilio unavurugika. Wimbo wa saba unaanza, wa kwanza unafuata.
Redio nyingi za gari hazisomi majina. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Sakinisha fatsort, angalia jina la flashi kwa lsblk (tuseme sdb1), ifunge, halafu:
sudo umount /dev/sdb1
sudo fatsort /dev/sdb1
Hakikisha ni flashi kweli, si diski yako. Na faili zianze na namba 01, 02, 03, si 1, 2, 3, la sivyo 10 itakaa mbele ya 2.