Namna ya kubishana kuhusu wapiga besi wakubwa

Kwanza weka simu mfukoni. Kabla hujataja jina la mpiga besi yeyote, hakikisha wote mnaobishana mnaweza kumsikia. Ubishi mwingi niliowahi kuukuta hapa Arua, Uganda, ulifanyika mbele ya simu iliyotumbukizwa kwenye kikombe ili ipaze sauti, na ndani ya kikombe kile besi haikuwamo. Uzi mnene wa gita la besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ina upana wa ukucha, haina ubavu wa kusukuma hewa ya mtetemo mzito namna hiyo. Kinachotoka ni mkwaruzo wa kidole pamoja na sauti za juu zinazozaliwa na uzi uleule, na yaliyobaki ubongo unajijazia wenyewe. Ndiyo maana ubishi wa simu humpa ushindi yule anayechapa nyuzi kwa kidole gumba. Huyo anasikika. Aliyeubeba wimbo kutoka chini hasikiki, basi anahesabiwa kama hayupo.

Napiga besi tangu 1994, harusini na kanisani, na mchana natengeneza redio na amplifaya. Jumamosi jioni kibanda changu hujaa. Anakuja shemeji yangu kinyozi, anakuja mzee mmoja askari mstaafu, mwalimu wa sekondari, na Wakongo wanaorudi na mizigo yao kutoka soko la Ariwara, kule Kongo. Mlugbara, Mualur, Mnubi, Mkongo: Kiswahili ndicho kinachotukalisha benchi moja. Haya ninayoyaandika nimejifunza pale.

Spika yangu ni moja ya inchi 15, ndani ya sanduku la mbao nililolipigilia mwenyewe, amplifaya ya zamani, na betri ya gari kwa siku ambazo umeme unakatika. Huhitaji kitu kikubwa hivyo. Spika ya gari ya inchi 6 ndani ya sanduku lililozibwa vizuri inatosha kuanza. Isukume kwenye kona ya chumba, kuta mbili zitaongeza besi bila gharama. Kisha tembea. Chumbani kuna mahali ambapo besi inarundikana na mahali ambapo inatoweka kabisa, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na yakigonga ukuta hurudi yakafutana. Yule mzee askari alikaa mlangoni kwa wiki nyingi akisisitiza kwamba rekodi za Motown, ile kampuni ya muziki ya Detroit, Marekani, hazina besi ya maana. Siku moja nikamwomba, "Mzee, hamia hapa ukutani." Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe, na tangu hapo kiti kile ni chake.

Baada ya spika, swali. "Nani mkubwa?" ni swali ambalo halijaiva. Mkubwa kwa lipi? Kuna aliyefanya gita la besi liwe chombo kingine kabisa, kuna aliyebeba bendi nzima mgongoni, na kuna mwenye mkono ambao hakuna wa kuufikia. Mtu mmoja anaweza kuwa wa kwanza katika moja na wa kawaida katika nyingine. Mkilichanganya hili mtagombana, nami nina ushahidi.

Mwalimu alileta muziki wa Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, albamu yake ya 1976 iliyobeba jina lake mwenyewe. Ndani yake kuna "Portrait of Tracy", ambamo gita la besi linalia kama kengele, kwa sababu Jaco hagandamizi uzi mpaka shingoni. Anaugusa tu mahali fulani, ule mtetemo wa chini unazimwa na sauti za juu zinabaki peke yake. Na alipotaka kuimba kwa gita, alipiga lile lisilo na freti, vile vyuma vidogo vinavyokata shingo, hivyo noti zake ziliteleza kama sauti ya mtu. Mwalimu alikuwa na machozi. Mzee askari akasema hiyo ni solo, besi iko wapi? Nami, kwa kuwa kibanda ni changu na besi ni kazi yangu, nikakata hukumu palepale: mzee yuko sahihi. Lilikuwa kosa kubwa. Hatukuwa tumekubaliana tunapima nini. Mwalimu aliondoka na hakurudi kwa miezi miwili, mpaka nilipomfuata nyumbani kwake na kumwambia mbele ya mkewe kwamba nilimwonea. Jaco alilibadilisha gita la besi, hilo halina ubishi. Mzee alikuwa akiuliza nani anaibeba bendi. Yalikuwa maswali mawili, na mimi niliyajibu kana kwamba ni moja.

Siku hizi swali linaandikwa kwa chaki mlangoni kabla muziki haujaanza.

Kanuni inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ukimtaja mtu, imba besi yake. Kwa mdomo, bila maneno, dum-dum zako, hata mizunguko miwili tu. Ukishindwa, kura yako inasubiri wiki ijayo. Kanuni hii inasafisha ubishi upesi sana. Wengi wanaomtaja Paul McCartney wanataja umaarufu wa Beatles. Wakiambiwa waimbe, wanaimba sauti ya mwimbaji. Lakini yupo aliyeimba besi ya "Something" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mtu akaelewa kwamba ile ni nyimbo nyingine inayotembea chini ya wimbo. Kura yake ilihesabiwa. Aston "Family Man" Barrett, aliyepiga na Bob Marley na kufariki Februari 2024, hapa kwetu huimbwa hata na watoto. Ukisikia besi ya "Could You Be Loved" ikiimbwa na mtoto wa miaka saba aliyebeba jagi la maji, kuna jambo umelijua kuhusu mpiga besi huyo.

Halafu izime besi. Amplifaya nyingi zina kitufe cha besi na cha sauti kali. Pigeni wimbo, kisha katikati punguza besi mpaka mwisho na usikilize kinachoanguka. Nyimbo nyingine hazipotezi kitu. Ukifanya hivyo kwa James Jamerson, nyumba inaporomoka. Huyu ndiye aliyepiga besi katika rekodi nyingi sana za Motown kule Detroit, kwa gita la besi aina ya Fender Precision la 1962, akitumia kidole cha shahada peke yake kwenye mkono wa kulia. Nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike. Kwa fundi kama mimi hilo lina maana: uzi mzee uliojaa jasho hupoteza mlio wa juu na kubaki na kishindo laini, na kishindo hicho ndicho unachokisikia katika "My Girl", wimbo unaoanza na besi ikitembea peke yake kabla ya mtu mwingine kuingia. Msimamo wangu ni kwamba katika swali la nani anabeba, Jamerson yuko mbele. Mwalimu hakubaliani nami hadi leo, na tunakunywa chai pamoja.

Kwa habari ya chai, shirikisha asiyejua majina. Hajati anayetuuzia chai hajui Detroit ni nini. Siku moja nilimpigia nyimbo mbili, moja ya fundi wa vidole vya kasi, nyingine rumba ya TPOK Jazz, orkesta ya Franco wa Kongo, nikamuuliza tofauti. Akajibu, "Huyu wa kwanza ananifanya nitazame redio. Huyu wa pili ananifanya nisahau maziwa motoni." Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya kazi ya besi.

Kuhusu mtindo wa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba, usiwadharau vijana wanaoupenda, ila waulize ulitoka wapi. Larry Graham, mpiga besi wa Marekani, alikuwa akipiga katika kikundi cha mama yake, na hawakuwa na mpiga ngoma. Basi akaanza kuupiga uzi mnene kwa gumba mahali pa ngoma kubwa, na kuuvuta mwembamba mahali pa ngoma ndogo. Haja ilizaa mtindo, naye akauingiza kwenye muziki wa bendi ya Sly and the Family Stone. Ukishajua hivyo, unaweza kumuuliza kijana: katika wimbo huu unaousifu, ngoma ipo, gumba linaziba pengo gani? Akiwa na jibu, ameshinda.

Wakumbushe pia Carol Kaye. Alikuwa mpiga gita huko Los Angeles. 1963 mpiga besi hakutokea studio, akashika yeye, na akawa miongoni mwa wapiga besi walioitwa studio mara nyingi zaidi Marekani. Nilipomtaja, shemeji alishangaa kwamba ni mwanamke. Nikampigia, akaacha kushangaa.

Kwa Afrika tuna cha kusema, na tusikiseme kwa unyonge. Bakithi Kumalo wa Soweto ndiye aliyepiga besi katika albamu ya Paul Simon ya 1986, Graceland. Lile pigo la haraka katika "You Can Call Me Al" nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa studio, kinyumenyume. Mjulishe mbishi wako hilo kabla hajaapa kwamba hakuna kidole kinachoweza kulipiga lote, kwani kwa jinsi lilivyorekodiwa, kweli halikupigwa lote. Richard Bona wa Kamerun alimsikia Jaco kwa mara ya kwanza katika rekodi za klabu moja ya Douala akiwa kijana mdogo, akageukia besi. Kwa hiyo mwalimu na Jaco wake wana mjukuu Afrika.

Ila ugumu wote uko kwenye rumba, na hapa nakuomba utulie. Besi ya sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magita hushika usukani na watu hucheza, haijazi kila nafasi. Inaruka, inanyamaza pale unapoitegemea, kisha inaanguka mahali ambapo kiuno chako tayari kilikuwa kimeshafika. Mkono wa namna hiyo hupimwa kwa mapengo yake, si kwa wingi wa noti. Lakini ukitaka kumtetea mpiga besi wa rumba, utauliza jina lake na hutalipata. Kaseti ina jina la kiongozi na jina la orkesta, basi. Flavien Makabi na Decca Mpudi walimpigia besi Franco, na watu wanaocheza nyimbo hizo kila harusi hawajawahi kuyasikia majina hayo. Hata Jamerson, jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya Motown kwa miaka mingi, mpaka "What's Going On" ya Marvin Gaye, 1971. Kwa hiyo kabla ya ubishi, fanya kazi ya kutafuta majina. Uliza wazee. Waulize waliokuwa Kampala miaka ya sabini, wakati mwimbaji wa Kongo Samba Mapangala na bendi yake Les Kinois walipokuwa wakipiga huko kabla ya kuhamia Nairobi, na wakati Afrigo Band ilipoanza, 1975. Andika unachoambiwa, na jina lisilothibitishwa na watu wawili liwekee alama.

Usisahau pia besi iliyokuwepo kabla ya umeme. Waalur wa Nebbi na Pakwach wana adungu, kinubi chao cha nyuzi, na katika kundi la adungu lipo lile kubwa la besi, sanduku lake refu kiasi kwamba mpigaji anakaa nyuma yake kama nyuma ya meza. Mzee mmoja alilileta kibandani, akalipiga bila amplifaya, na sakafu ikajibu. Nilimwomba mzee askari alipime kwa kanuni zetu. Alikaa kwenye kiti chake cha ukutani, akaiimba besi ile, na hakukosea.

Hivi sasa tuna kaseti moja niliyoinunua Ariwara, jalada limechanika, jina la orkesta limebaki nusu. Upande wa pili, wimbo wa kwanza, kuna besi ambayo mwalimu, mzee na shemeji wote wameipigia kura, mara ya kwanza hawa watatu kukubaliana. Kila Mkongo anayepita naimba mzunguko wake mbele yake. Wote wanaudaka na kuumalizia, wengine wakiwa bado na gunia begani. Jina la mpigaji hakuna aliyelitaja. Nafasi ya jina lake pale mlangoni nimeiacha wazi, na chini yake nimeandika noti zake nne za mwanzo.