Ukiwa na sonona, jioni usimalize kazi

Wachoraji na watunzi wenzangu wa Bagamoyo mnaoishi na sonona, hili linanisaidia: acha kazi ya leo ikiwa nusu, kwa makusudi. Kama unachora jahazi, tanga libaki bila rangi, brashi zioshwe, na rangi ya kesho uwe umeshaichagua. Kama unatunga shairi, simama kwenye kipande cha kwanza cha mshororo na uandike pembeni kina unachokilenga. Sonona huondoa hamu ya kuanza na hufanya kuamua kuwe kazi nzito, na kanvasi tupu inadai vyote viwili kwa pamoja. Kazi iliyoachwa njiani haikuulizi ufanye nini. Unaendelea tu, na hamu mara nyingi hufuata baada ya mkono kuanza. Jipe dakika 10. Zikiisha na huwezi zaidi, pumzika, umeshafanya.

Njia hii haifai kwa kazi ambayo mteja anaichukua kesho. Tena haifui dafu sonona ikiwa nzito: usingizi, hamu ya kula na raha ya mambo vimepotea wiki 2 au zaidi. Hapo nenda hospitali. Ukianza kuwaza kujiua usingoje wiki yoyote, mwambie mtu leo hii akusindikize. Na ukipewa dawa, tafadhali usiziache kwa hofu ya kupoteza kipaji. Nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na zikikulemaza ubunifu mwambie daktari, anaweza kubadilisha kipimo au aina.