Anza na tawi: jinsi ya kumwandalia makazi mjusi ndevu

Mijusi ndevu, wa jenasi Pogona, asili yao ni Australia. Akitishwa, koo hutuna na kuwa jeusi, miiba ya kidevuni ikasimama. Ndiyo hizo ndevu. Hawa si wa ardhini tu wala si wa mitini tu. Chakula hutafuta chini, lakini kuota jua na kulinda eneo hupanda visiki, matawi na nguzo za uzio. Kwa hiyo mimi hupanga kizimba kizima kulifuata tawi. Vipimo vya hapa ni vya Pogona vitticeps, anayefugwa kuliko wenzake wote.

Hatua ya 1: Kizimba. Kwa mjusi mzima, kisipungue sentimita 120 kwa 60, kimo 60. Chagua chenye mlango wa mbele. Mkono unaoshuka kutoka juu humtia hofu, maana ndege wawindaji ndiko wanakotokea.

Hatua ya 2: Tawi. Hapa usiharakishe. Tafuta gogo lenye gome la kukwaruza, nene kama kiwiliwili chake au zaidi, lisilotoa utomvu. Liegemeze kuanzia sakafuni hadi juu upande mmoja wa kizimba, kisha likaze kwa skrubu. Mjusi huyu ni mzito, na gogo likibingirika litamvunja. Sehemu ya juu iwe bapa, alaze tumbo lote. Ule mteremko ndio unaomwezesha kujichagulia joto: akitaka zaidi anapanda hatua mbili, likimzidi anashuka.

Hatua ya 3: Taa ya joto. Ielekeze kwenye kilele cha tawi, mahali asipoweza kuigusa. Pima joto juu ya gome lenyewe, pale mjusi anapolala. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani kitakudanganya. Kileleni pawe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba 22 hadi 26. Weka themostati, kifaa cha kudhibiti joto la taa. Mawe ya umeme ya kupasha joto siyapendekezi kabisa, yanaunguza tumbo.

Baada ya hapo msome mwenyewe. Akiachama mdomo kileleni kwa muda, anapunguza joto, ni kawaida. Akikaa kileleni kutwa nzima, mgongo umekolea weusi, huenda joto halimtoshi, kwa sababu rangi nyeusi hufyonza joto zaidi. Akilikimbia tawi na kujibana kona ya baridi, pima upya.

Hatua ya 4: Miale ya urujuanimno (UV). Mirija yake ya taa iwe sambamba na taa ya joto, ili vyote viwili vimwangukie anapoota. Fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na usiweke kioo katikati, kwani kioo huzuia miale hiyo. Badilisha taa kwa wakati hata kama bado inawaka: mwanga hubaki, miale hupungua. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haifyonzwi, taya hulainika na miguu hupinda. Usiku zima taa zote.

Hatua ya 5: Chakula. Wachanga hula wadudu zaidi, wazima majani zaidi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, na apakwe unga wa kalsiamu. Parachichi ni sumu kwake. Kimulimuli vilevile: mmoja tu anaweza kumuua.

Hatua ya 6: Kizimba kimoja, mjusi mmoja. Ukiona wawili wamelaliana chini ya taa, usidhani wanapendana. Wa juu anamnyang'anya mwenzake joto na miale. Anayepunga mkono taratibu anaomba amani kwa mkubwa wake. Watenganishe siku hiyohiyo, na unawe mikono kwa sabuni ukishawashika, kwa kuwa hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima wa afya.